Jibini, Nyama na Jina la Mpishi

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi, nimekaa barazani kwangu Kaniha nachambua maharage ya mbegu. Kwenye kundi la simu la jumuiya yetu, katikati ya tangazo la zamu ya kufagia kanisa na picha ya mtoto aliyebatizwa juzi, mtu alikuwa ameandika kwamba mama mpishi wa masista, mzaliwa wa Bugarama kule Ngara, amelala katika Bwana, na maziko ni kesho yake saa nane mchana. Chini ya maneno hayo watu walikuwa wakimwombea raha ya milele mmoja baada ya mwingine. Mimi sikuandika kitu. Niliweka simu chini nikaendelea na ungo wangu, mpaka mke wangu aliponiuliza mbona natupia maharage mabovu kwenye mazima. Nikamwambia aliyefariki ni nani. Akasema, “Sasa lile neno utamwambia nani?” Yeye alijua kuna neno nilipaswa kulisema mbele za watu kwa ajili ya yule mama, na kwamba nilikuwa sijalisema. Ninyi mnaosoma safu hii hamkujua. Nawaomba mnivumilie leo, maana ninayemkumbuka alikuwa mtu mwema, na mimi ninayemkumbuka nilimkosea.

Sitataja jina lake, kama ambavyo safu hii haimtaji mtu. Watu wa Ngara hawatahitaji jina. Wanamjua mwanamke aliyetengeneza jibini katika nyumba ya masista kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha sufuria. Sista mmoja mgeni, mzee wa kutembea na fimbo, akaona kwamba binti huyu hanusi maziwa kama wengine. Ananusa kama mtu anayesoma barua. Akamfundisha kugandisha maziwa ya asubuhi, kuyakata yakishaganda kwa kisu kirefu, kuyakamua katika kitambaa, kuyalaza chini ya jiwe, kisha kuyaweka katika kijumba cha matofali chenye giza na ubaridi, na kuyageuza kila siku kwa wiki nyingi huku yakisuguliwa chumvi. Akamfundisha pia kukausha nyama: paja la ng'ombe likae katika chumvi na pilipili manga, kisha lining'inizwe juu ya moshi mwembamba wa kuni za mpera, siku baada ya siku, mpaka liwe jeusi nje na jekundu ndani, likatwe vipande vyepesi vya kuonea mwanga. Sista yule alirudi kwao akafa huko. Kazi ikabaki mikononi mwa binti wa Bugarama, naye akaikuza kuliko alivyoipokea.

Nilimfahamu kwa sababu nilikuwa katekista, na semina zetu nyingi zilifanyika katika ukumbi wa masista wale. Chakula chetu makatekista kilikuwa ugali na maharage, na tulishukuru. Lakini alipokuja askofu, au wafadhili, au mapadre kutoka mbali, yule mama alipanga ubao. Ubao wenyewe ulikuwa wa mninga, umelainishwa kwa mafuta ya alizeti mpaka unang'aa. Siku moja nilisimama mlangoni pa jiko nikamtazama akifanya kazi. Jibini alikuwa ameitoa kwenye baridi saa nzima kabla, akasema ikiletwa baridi ni kama mtu aliyeamshwa ghafla, haina neno la kusema. Ile ngumu aliikata vipande vyembamba kama kurasa. Ile laini aliiacha nzima juu ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, na kisu chake kidogo pembeni. Akaweka nyama ya moshi, imekunjwa mara moja tu. Akaweka asali ya msituni kwenye kikombe cha udongo, karanga za kukaanga, ndizi mbivu ndogo, vipande vya nanasi alivyovikausha juani, na mkate wa rangi ya kahawia aliouoka asubuhi. Kwa padre mmoja wa Bukoba aliongeza kiganja cha senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao.

Nikamtania, “Mama, huu ni ubao wa kuchora. Mtu ataanza kula wapi?”

“Ataanza panapomwita, mwalimu,” akasema bila kuinua macho. “Na wewe usiegemee mlango, unanizibia hewa.”

“Umejuaje mgeni wa leo anapenda nini?”

“Nimeuliza. Ubao unaanza na watu. Jibini baadaye.”

Maneno hayo niliyaelewa vizuri siku ya mkutano wa viongozi wa dini, uliohusu visima vya maji. Shehe mmoja wa upande wetu wa Biharamulo alikuwa miongoni mwa waalikwa. Yule mama alijua kwamba katika jiko lile nguruwe aliwahi kukatwa, akaona haitoshi kusema tu kwamba leo hayumo. Alitafuta nyama kwa mchinjaji Mwislamu wa mjini, akaomba ubao mpya usiowahi kuguswa, akanunua kisu kipya, na meza ya waalikwa wale akaipanga yeye mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Shehe alipokaa, alitazama ubao, akatazama kisu, akauliza kwa upole, “Mama, samahani, kisu hiki kimeshagusa nini?” Mama akajibu, “Kimegusa karatasi ya dukani tu, shehe. Na karatasi yenyewe nimeitunza, ukitaka niilete.” Shehe akacheka mpaka akafuta macho, akasema bismillahi, akala, na ile jibini akaifungia kipande kwenye leso ampelekee mkewe. Visima vile vilichimbwa. Mimi naamini nusu ya mapatano yale yalifanyika juu ya ubao ule, kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Nimekuwa nikifikiri kuhusu kazi za namna hiyo. Mhubiri akisema vizuri, watu humshika mkono mlangoni. Mwalimu akifundisha vizuri, wanafunzi wake humkumbuka. Mpishi akifanya kazi yake sawasawa, hakuna anayejua kilichozuiwa kisitokee: mgeni aliyekuwa afedheheke hakufedheheka, mzee aliyekuwa akasirike hakukasirika, na mazungumzo yakaenda kana kwamba yangeenda hivyo hata bila yeye. Kinachoonekana ni siku moja akikosea. Na siku hiyo ikija, hana mimbari ya kujitetea. Jina lake zuri ndilo mshahara wake wote, nalo limewekwa midomoni mwa waliokula.

Sasa nieleze nilichokifanya. Miaka michache iliyopita binti yangu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alipata mchumba kutoka familia moja ya Ngara yenye ng'ombe wengi na wazee wa kuheshimika. Wakwe walitaka kuja Kaniha kujitambulisha. Mimi ni katekista mstaafu, nyumba yangu ni ya bati na sebule yangu ina viti vya kuazima, na niliona aibu ambayo sikuikiri hata kwa mke wangu. Binti akanitumia picha kwenye simu: ubao mmoja mrefu wa karamu aliyoiona mjini, jibini na nyama vimechanganywa, vipande vya nyama vimekunjwa kama maua ya waridi katikati ya jibini, zabibu zikining'inia pembeni. “Baba, wageni wa heshima siku hizi wanapangiwa hivi,” aliandika. Niliitazama picha ile mara nyingi kuliko nilivyotazama misale yangu wiki ile. Nikaenda kwa seremala wa Nyantakara, akanitengenezea ubao wa mninga wenye urefu wa hatua mbili. Kisha nikampigia simu mama wa Bugarama, nikamwomba aje. Akakubali mara moja. Alikuja na basi siku mbili kabla, jibini iko kwenye kikapu imefungwa kwa kitambaa kibichi, nyama ya moshi kwenye mfuko wa shashi.

Kabla hajavua viatu aliuliza, “Wakwe ni akina nani?” Nilipomwambia, alikaa chini. “Huyo babu yao namjua. Mpaka leo anatoka na ng'ombe mwenyewe. Mwalimu, sikiliza. Tutapanga mbao mbili, meza mbili. Nyama huku, jibini kule. Kwa wazee wa namna ile maziwa na nyama havikutani siku moja. Mtu akivichanganya ni kama anamwombea ng'ombe mabaya, maziwa yakauke. Kila mmoja atachagua upande wake, na wasiojali watakula kote. Hakuna atakayeumia.”

Nikasema, “Lakini hii ni jibini, mama. Si maziwa.”

“Jibini ni maziwa yaliyobadili nguo.”

“Hata yule baba yetu wa imani,” nikasema, maana sikosi neno la kanisani nikibanwa, “alipowapokea wale wageni watatu hemani kwake aliwaandalia maziwa na nyama ya ndama pamoja, na wakala.”

Akacheka. “Wageni wake walikuwa malaika, mwalimu. Wako ni wazee wa ng'ombe.” Akautazama ubao wangu mrefu uliosimamishwa ukutani. “Huu ni mzuri. Tutaweka mkate.”

Mkate! Nilijisikia kama mtoto aliyeambiwa nguo yake mpya ni ya kulalia. Siku ilipofika alipanga kama alivyosema. Meza mbili, umbali wa hatua tatu, na katikati chombo cha maji ya kunawa. Alifunika kila kitu kwa vitambaa vyeupe, akaenda kuoga na kubadili kitenge. Mke wangu alikuwa nyuma na wapishi wa ndizi. Binti yangu alikuwa chumbani na shangazi zake. Mimi nilikuwa peke yangu sebuleni, na nikafunua vitambaa. Kilikuwa kizuri, lakini hakikufanana na picha. Nikaondoa mkate kwenye ubao mrefu. Nikahamisha jibini. Nikahamisha nyama. Nikaanza kuikunja ile nyama kama maua, katikati ya jibini, kwa mikono hii iliyozoea chaki, na nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa na furaha. Nilikuwa na muda wa kutosha kujizuia, na nilikumbuka kila neno aliloniambia. Nilijiambia kwamba mila hizo zimepita, kwamba hao ni Wakatoliki kama mimi, na kwamba uzuri wenyewe utawashinda. Nikafunika.

Wakwe walifika na mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, na vicheko. Mshenga wao alikuwa mtu wa maneno. Alisema wamefuata ua moja lililoonekana kutoka mlimani, na kwamba hawaondoki bila kujua mizizi yake. Tulisali. Kisha nikafunua ubao mimi mwenyewe, kwa majivuno. Vijana wa upande wao wakasema “Aah!” na mmoja akatoa simu apige picha. Babu yao aliinama, akatazama kwa karibu, akagusa kipande kimoja cha jibini kwa ncha ya kidole, akanusa. Akarudisha kiti chake nyuma. Wazee wengine wawili nao wakarudisha viti vyao. Ile simu ikarudi mfukoni.

“Nani ameandaa hiki?” babu akauliza. Hakupandisha sauti.

Wakati huohuo mama wa Bugarama aliingia, amevaa kitenge chake cha sikukuu, ameshika birika la maji ya kunawa. Aliona ubao. Kisha akaniona mimi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, tena fupi, na nililijua. Lakini niliona uso wa binti yangu kwenye pazia la chumba, nikaona posa ikivunjika kwa ajili ya ujeuri wangu, nikainamisha macho kwenye zulia. Yeye akaweka birika chini, akapiga magoti.

“Nisameheni, wazee. Naomba nikiondoe.”

Babu akamtazama. “Mama, nakujua. Wewe ni wa kwetu, umezaliwa Bugarama. Angekuwa mtu wa mbali ningesema hajui. Wewe unajua. Sasa hii ni nini? Umekaa na Wazungu mpaka umetusahau?”

“Nisameheni,” akasema tena. Hakuongeza kitu. Akaubeba ubao wangu mzito peke yake, hatua kwa hatua, mpaka nje, na mimi nimekaa. Wazee walikula ndizi tupu siku ile. Posa haikuvunjika. Mshenga aliokoa mambo kwa utani, na kufika jioni watu walikuwa wakicheka tena. Binti yangu ameolewa vizuri, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Mama aliondoka alfajiri na basi la kwanza. Nilimsindikiza, nikaanza kusema, “Mama, jana…” Akasema, “Mwalimu, basi hilo,” akapanda.

Ningeweza kujifariji kwamba jambo liliishia pale, lakini habari za mezani husafiri. Katika vijiji vya Ngara ikasemwa kwamba mpishi wa masista amewadharau wazee wa ng'ombe ukweni kwa watu. Mwaka uliofuata, parokia yake ya nyumbani ilipata upadrisho wa kwanza wa kijana wao. Mama wa Bugarama ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa kijana huyo. Tangu kijana aingie seminari alikuwa akisema, kwa mzaha na kwa kweli, kwamba siku hiyo meza kuu ataipanga yeye, na kwamba kuna jibini moja ataianza miezi sita kabla, isiguswe na mtu. Aliianza kweli. Kisha kamati ikakaa, ikaona kwamba wazee wangekwazika, na ikampa kazi mtu mwingine. Siku ya upadrisho nilikuwapo. Nilimwona ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine wa kigango, sahani ya pilau mapajani, anapiga makofi kila kijana wake anapotajwa. Meza kuu ilikuwa na soda na biskuti.

Nilimfuata wiki ile nyumbani kwa masista. Nilimkuta jikoni, nikasema yote: kwamba nilimsaliti, kwamba najua alichokosa kwa ajili yangu, kwamba naomba radhi. Alinisikiliza huku akigeuza jibini zake moja moja. Kisha akakata kipande cha ile iliyokuwa ya upadrisho, akanipa. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na sijawahi kumeza kwa shida vile.

“Mimi nilikusamehe siku ileile, mwalimu,” akasema. “Sikutaka mtoto akose ndoa. Lakini samahani yako umeileta jikoni. Mimi nilivunjiwa heshima sebuleni.”

Nikamwambia nimeelewa. Nikamwahidi kwamba nitakwenda kwa wazee wale na kusema. “Haya,” akasema. “Mimi nipo.”

Nilielewa, na sikwenda. Kwanza nilisema acha ndoa ikomae. Kisha acha mtoto wa kwanza azaliwe. Kisha babu akaugua, nikasema acha apone, si vizuri kumsumbua mgonjwa. Kisha akapona, nikasema mambo yameshasahaulika, kwa nini niyachokoze. Watu wamezoea kuniita mtu wa subira, na katika umri wangu nimeipenda sifa hiyo. Siku hizi inanitisha. Subira ni ya kubebea maumivu yako mwenyewe. Mimi niliitumia kubebesha mwingine ya kwake. Nimefundisha watoto wa kipaimara kwa miaka mingi kwamba aliyeiba kuku hawezi kutubu huku bado anamla. Watoto hucheka nikisema hivyo, na mimi nilicheka nao. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hawakusema kwamba tumbo linaloumia mara nyingi si la anayengoja.

Jumanne nilikwenda Bugarama kumzika. Watu walikuwa wengi. Kijana wake, sasa ni padre, aliongoza ibada, na sauti yake ilikatika mara mbili. Historia ya marehemu ilisomwa: alizaliwa, alibatizwa, alitumikia masista, aliugua kifua, amekufa. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakinong'ona. Mmoja, mgeni wa kijiji, aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mwenzake akajibu, “Mkono wake ulikuwa mzuri sana huyu mama. Ila aliwahi kuwakosea wazee.” Miaka yote ile thelathini ya kazi, na kilichosimama kando ya kaburi lake ni mchana mmoja wa kwangu. Nikamwendea msimamizi wa ratiba, nikaomba nafasi ya kusema. Akatazama saa. “Mwalimu, ratiba imebana, na mvua ile inakuja.” Ningeweza kusisitiza. Nina umri wa kusisitiza. Nikasema sawa, nikarudi nikasimama mahali pangu, na mchanga ukamwagwa.

Lakini sikurudi Kaniha. Nililala kwa binti yangu, ambaye sasa anaishi Ngara na mumewe, na asubuhi nikaenda kwa babu wa mumewe. Ni mzee sana sasa, hachungi tena, anakaa uani juu ya kigoda na kuwasikiliza ng'ombe wakitoka. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, “Marahaba, mkwe.” Masikio yake yamechoka, kwa hiyo ilinibidi kusema kwa sauti kubwa, na wanawake waliokuwa wakianika kahawa karibu waliacha kazi wakasikiliza. Nashukuru kwamba ilikuwa hivyo.

“Ulikuwa wewe?” akauliza nilipomaliza.

“Ni mimi, mzee. Yeye alipanga meza mbili. Alinionya kabla.”

“Na mimi nikamwambia ametusahau.”

“Ndiyo, mzee.”

Nilitegemea hasira, na ningeipokea. “Kamati ya upadrisho walikuja hapa,” akasema. “Waliniuliza, apike au asipike. Walisema, neno lako tutalifuata. Nilisema asipike.” Alipapasa fimbo yake. “Wewe ulijua ukweli, mkwe, ukakaa nao. Mimi sikuujua, nikamnyang'anya mama wa watu siku yake. Umenifanya nimwonee mtu, na nilidhani natetea haki. Sasa nimwendee wapi?”

Nilikwenda pale nikidhani kosa langu lina mtu mmoja aliyeumizwa, na kwamba mtu huyo nimemzika jana. Sikujua kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kumefanya kazi mikononi mwa wengine muda wote huo: mzee mwadilifu alitoa hukumu mbaya kwa moyo safi, kamati ikaifuata, kijiji kikairudia, mpaka ikamfikia mgeni kando ya kaburi kama habari ya kweli. Babu aliniambia jambo moja kabla sijaondoka. “Mimi miguu haina nguvu. Wewe inatembea bado. Nenda ukaseme kwingine kama ulivyosema hapa.”

Ndiyo maana nasema hapa, kwa kuwa gazeti hili linafika Ngara na Biharamulo, na linasomwa kwa sauti katika nyumba nyingi. Mama wa Bugarama hakuwakosea wazee. Alizijua mila za kwao na aliziheshimu kuliko mimi ninayefundisha neno la Mungu. Aliyechanganya jibini na nyama ni mwandishi wa safu hii, akiwa na akili zake timamu, kwa kupenda picha. Kijana wake padre nimeshamwambia. Alilia, kisha akaniomba nisimweleze zaidi kwa leo. Jumapili hii nitasema katika kigango chao baada ya misa, wakinipa nafasi au wasiponipa. Mwenyezi Mungu atanisamehe, naamini, kwa kuwa huruma yake haina mwisho. Ila najua pia kwamba maneno haya, hata yakifika kila nyumba, hayatafika kwake. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna mtu anayebeba lawama yako, na bado yuko hai, na njia ya kwake unaijua, weka gazeti chini. Usimalize hata ukurasa. Nenda kwake leo, na upite kwanza kwa wale waliosikia akilaumiwa, ili ukifika aweze kuwasikia wakimwita kwa jina lake zuri.